MATEMBEZI YA MAKUNDI KATIKA NCHI YA MAZIWA
Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Kawangware na Kibera



Katika mfuko wa kila mtu wa Kawangware yumo mnyama wa porini. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 zina picha za wanyama: shilingi moja ina twiga, shilingi tano ina kifaru, shilingi kumi ina simba, na shilingi ishirini ina tembo. Wanyama hawa hupita mikononi mwa watu tangu alfajiri hata usiku, ndani ya gari la namba 46, dukani, na kwa mama mboga. Hata hivyo wako watu wazima, waliozaliwa Kawangware au Kibera na kulea watoto huko, ambao hawajamwona hata mmoja wao akiwa hai. Mgeni atokaye Ulaya husafiri maelfu ya maili ili awaone. Mwenyeji hukaa mwendo wa saa chache tu kutoka mahali walipo, wala hajafika.

Siku hizi jambo hili limeanza kubadilika. Vijana wa mitaa, vyama vya akina mama vya kuweka akiba, waimbaji wa makanisa na timu za kandanda huchanga fedha kidogo kidogo, hukodi gari, na kuondoka asubuhi na mapema kwenda Naivasha, Elementaita au Nakuru, ili watembee kwa miguu na kuwatazama wanyama na ndege wa maziwa. Hiyo ni desturi njema, na wahenga walisema, tembea uone. Lakini kuona peke yake hakutoshi. Yafaa mtu ajue anachokiona, na tena yafaa arudi nyumbani salama. Mazungumzo haya yanahusu mambo hayo mawili.

MAJINA YENYEWE YANAFUNDISHA

Watu hutamka majina ya mahali kila siku bila kuyafikiri. Jina la Kawangware hutokana na neno la Kikuyu ngware, yaani kwale, yule ndege wa vichakani akimbiaye kwa miguu kuliko kuruka. Jina la Kibera hutokana na neno la Kinubi kibra, maana yake msitu. Ndivyo Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani, walivyopaita walipopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Basi mtu wa Kawangware na mtu wa Kibera wote wawili ni wenyeji wa mahali palipoitwa kwa jina la ndege na la msitu, ingawa leo wanaona mabati na nyaya za umeme.

Majina ya maziwa nayo yana maana. Naivasha ni neno la Kimasai lililogeuzwa kidogo, na maana yake ni maji yenye mawimbi. Nakuru nalo limetoka katika Kimasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Wamasai hawakutoa majina haya kwa mchezo. Katika ziwa la Naivasha upepo huvuma sana nyakati za alasiri, na maji yaliyokuwa yametulia asubuhi kama mafuta katika sahani hugeuka kuwa mawimbi yanayoweza kupindua mashua ndogo. Kando ya ziwa la Nakuru, maji yanapopungua, chumvi na udongo mweupe hupeperushwa na upepo hata mtu asione mbele. Kwa hiyo mtembezi ajuaye maana ya jina amekwisha kupata shauri la kwanza: mashua ipandwe asubuhi, wala si alasiri, na kila apandaye avae vazi la kuelea.

AANZAYE NA AANZE KARIBU

Si lazima kundi jipya lianze kwa safari ndefu. Karibu na mji wa Kikuyu, si mbali na Kawangware, liko bwawa la asili liitwalo Ondiri. Hapo ndipo mto wa Nairobi unapoanzia. Ukitazama kwa haraka utadhani ni uwanja wa majani mabichi, kumbe majani yale na mizizi yake yameshikana kama mkeka mnene juu ya maji, na chini yake ni kilindi. Basi mtu asijaribu kukanyaga mkeka huo. Na asimame ukingoni. Hapo, akiwa na subira, anaweza kuwaona korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na yangeyange weupe, na ndege wengine wengi wa majini.

Maji yatokayo Ondiri hupita upande wa Dagoretti na Kawangware, yakaingia mjini, yakaungana na mto Athi, na mwisho wake, kwa jina la Sabaki, yakamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Hapo kwenye mlango wa mto wako viboko na heroe. Basi mtu atupaye taka mtoni katika mtaa wake asidhani kwamba ameziondoa, amezipeleka safari.

Watu wa Kibera nao wana ziwa lao mlangoni, ijapokuwa ni vigumu kulitambua. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 katika mto Motoine, ili mji upate maji ya akiba. Kwa miaka mingi watu walivua samaki hapo, na wengine walishindana kwa mashua za tanga. Baadaye udongo, taka na maji machafu yaliingia pasipo kuzuiwa, gugu maji likatanda, na mahali palipokuwa na maji pakageuka kuwa kama shamba la magugu. Jambo hili litatajwa tena hapa chini, kwa sababu ndilo linaloonyesha faida ya safari hizi.

Tena, kwa atakaye kujifunza ndege pamoja na watu wenye ujuzi, chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, kina desturi ya matembezi ya kutazama ndege asubuhi ya Jumatano, watu wakikutana kwenye Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Bibi Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza matembezi hayo mwaka 1971, na watu wengi waliokuja kuwa waongoza watalii na wataalamu walijifunza majina ya ndege kwa kutembea nyuma yake. Nao wanafunzi wana Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho kimewapeleka watoto wengi wa shule kuwaona wanyama wa nchi yao.

NAIVASHA NA VIBOKO WAKE

Naivasha iko mwendo wa kilomita kama 90 kutoka Nairobi. Ziwa hili lina ajabu yake. Maziwa mengi ya Bonde la Ufa ni ya magadi, lakini maji ya Naivasha ni matamu, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake. Mito ya Malewa na Gilgil huingiza maji, na sehemu ya maji hayo hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, ikichukua chumvi pamoja nayo. Kwa sababu ya maji matamu wako samaki, na kwa sababu ya samaki wako ndege: furukombe mwenye kichwa cheupe, ambaye sauti yake husikika mbali, mnandi mweusi anyooshaye mabawa ili yakauke, na mwari mwenye mfuko chini ya mdomo.

Katika Kisiwa cha Crescent watu huruhusiwa kutembea kwa miguu, wakilipa ada ya mwenye mahali, kati ya twiga, punda milia, nyumbu na kuro, kwa kuwa huko hakuna simba. Lakini wako viboko, na hapa ndipo maneno ya mazungumzo haya yanapotaka kusikilizwa sana.

Watu wengi hudhani kiboko ni mnyama mvivu kwa kuwa mchana hulala majini akionyesha macho na masikio tu. Dhana hiyo imewaua watu. Kiboko mkubwa huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, na juu ya nchi kavu hukimbia kuliko mwanadamu. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, pengine mwendo wa kilomita kadha, na alfajiri hurudi kwa njia yake ileile ya kila siku. Kwake yeye maji ndiyo nyumba na ngome. Akimkuta mtu amesimama kati yake na maji, haoni mtalii wala mvuvi. Humwona adui aliyemfungia mlango.

Mwezi wa Agosti 2018, wageni wawili kutoka Taiwan walikuwa kando ya ziwa la Naivasha wakipiga picha, wakamkaribia kiboko mno. Mmoja alijeruhiwa na mwenzake akafa. Wavuvi wa ziwa hilo nao wamepoteza wenzao mara nyingi kwa mnyama huyo. Basi kundi lolote litembealo ukingoni na lishike mambo haya. Lisitembee karibu na maji kabla ya jua kupanda wala baada ya jua kushuka. Lisiingie katika njia iliyokanyagwa sana katikati ya mafunjo, maana yamkini ndiyo njia ya kiboko. Likiona kiboko nchi kavu, lirudi nyuma polepole bila makelele, likimwachia nafasi ya kufika majini. Wala mtu asimpe mwenziwe simu amwambie, "Nipige picha nikiwa naye nyuma yangu." Picha ya namna hiyo haina thamani ya maisha ya mtu.

KORONGO LA HELL'S GATE

Kusini ya ziwa hilo iko hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, yenye eneo la kilomita za mraba kama 68. Hifadhi hii inapendwa sana na makundi ya vijana, kwa kuwa ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambapo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli kati ya wanyama. Humo wako punda milia, pofu, kongoni, swala, ngiri, twiga na nyati, na katika majabali wako pimbi na ndege wakubwa walao nyama. Nyati asikaribiwe hata kidogo, hasa yule dume aliye peke yake. Karibu na hapo, Olkaria, mvuke wa moto hutolewa chini ya ardhi na kufanywa umeme; kazi hiyo ilianza mwaka 1981. Taa nyingi za Kawangware huwaka kwa mvuke huo, na vijana wengi hustaajabu kusikia hivyo.

Katika Kiswahili neno korongo lina maana mbili. Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji. Katika Hell's Gate liko korongo la namna ya pili, liitwalo Ol Njorowa. Zamani za kale, ziwa la Naivasha lilipokuwa kubwa na refu kwenda chini kuliko sasa, maji yake yalitoka kwa njia hiyo na kuyakata mawe. Kuta zake ni ndefu na zimesimama wima, na mahali pengine njia ni nyembamba hata mtu akinyoosha mikono hukaribia kugusa pande zote mbili. Ni mahali pa kupendeza sana. Ni mahali pa hatari pia, kwa sababu kilichochimbwa na maji, maji hukikumbuka.

Mwezi wa Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa moja walikuwa ndani ya korongo hilo maji yalipokuja kwa ghafula. Vijana saba walikufa. Tarehe 1 Septemba 2019, kundi jingine lilikuwa humo, maji yakaja vilevile, na watu saba walichukuliwa na kufa, naye mwongozaji wao akiwa mmojawapo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo watu huliita KWS, lililifunga korongo baada ya msiba huo.

Yafaa kila mtu aelewe jinsi jambo hili linavyotokea, kwa maana wengi husema, "Mbona mvua hainyeshi hapa?" Mvua haihitaji kunyesha korongoni. Hunyesha milimani, mbali, mahali ambapo mtembezi hapaoni. Udongo wa huko ni wa majivu ya volkeno, na mvua kubwa hutelemka juu yake kwa kasi, ikajikusanya katika vijito vyote, na vijito vyote vina mlango mmoja, nao ni korongo. Anga juu ya mtembezi laweza kuwa la samawati, huku maji yako njiani. Yakifika, hayapandi polepole kama maji ya ndoo. Huja kama ukuta, yamebeba mawe na miti. Mtu aliye kati ya kuta mbili zilizosimama hana mahali pa kukimbilia isipokuwa amekwisha kupajua kabla.

Maji ya namna hiyo hayapatikani Hell's Gate tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka chini ya reli yalifungua njia kwa nguvu, yakashuka juu ya vijiji karibu na Mai Mahiu, katika njia hiyohiyo ya kwenda Naivasha, na watu zaidi ya 45 wakafa. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa hiyo kiongozi wa kundi na aulize langoni kabla ya jambo jingine lolote: Je, korongo limefunguliwa leo? Mvua ilinyesha wapi jana na usiku? Akiambiwa limefungwa, na akubali, hata kama watu wametoka mbali na kulipa nauli. Wakati wa masika na wa vuli yafaa kundi liridhike na uwanda wa juu, ambao una wanyama wa kutosha. Na askari wa hifadhi akisema, "Tokeni," watu watoke, wala wasibishane naye juu ya picha waliyokuwa wakitaka kupiga.

ELEMENTAITA NA NAKURU

Mbele ya Naivasha liko ziwa Elementaita, dogo na lenye magadi, ambapo mwari weupe huzaa na kulea makinda yao. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Karibu na hapo ni Kariandusi, ambapo mwaka 1928 Louis Leakey aligundua mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Basi kundi la Kawangware lisidhani kwamba ndilo la kwanza kutembea kando ya ziwa hilo likitazama ndege.

Nakuru ni tofauti. Hifadhi yake ina eneo la kilomita za mraba 188, na humo, kati ya wanyama wanne wa sarafu, wamo watatu: twiga, kifaru na simba. Tembo hayumo. Lakini kwa sababu simba na kifaru wamo, mtu haruhusiwi kutembea kwa miguu, isipokuwa kushuka garini mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Makundi mengine hufika langoni yamevaa viatu vya kutembelea, yakakata tamaa. Yafaa kiongozi alijue jambo hili kabla hajaandika majina ya watu na kupokea fedha zao.

Wengi huenda Nakuru kwa ajili ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Pengine huwakuta wengi, pengine hawawakuti, ndipo husema wamedanganywa. Sababu ni hii. Heroe mdogo hula viumbe vya kijani, vidogo hata havionekani kwa jicho, ambavyo hukua katika maji yenye magadi mengi, na rangi yake hutokana na chakula hicho. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana; ziwa la Nakuru lilitoka katika kilomita za mraba kama 40 likapita 60, na lango kuu la zamani likamezwa na maji. Magadi yakazimuliwa na maji ya mvua, chakula kikapungua, na heroe wakahamia Bogoria na kwingineko. Heroe hana pasipoti: hula Kenya, huenda kuzaa katika ziwa Natron nchini Tanzania, na husafiri usiku.

Tofauti ni mwari, ambaye hula samaki. Zamani Nakuru haikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka ziwa Magadi, ili wale mayai na viluwiluwi vya mbu. Samaki wakaongezeka, ndipo mwari wakaja kwa wingi. Hivyo mtu huweza kuona kwa macho yake kwamba jambo dogo lililofanywa na wanadamu huweza kubadili ziwa zima.

MASHAURI KWA KUNDI

Sasa yafuatayo ni mashauri machache.

Kwanza, kila kundi liwe na kiongozi mmoja ambaye neno lake husikilizwa, na mtu mwingine atembeaye nyuma ya wote. Watu wahesabiwe wanapopanda gari Kawangware, wanapoingia langoni, wanapotoka, na kabla gari haijaondoka kurudi. Tena orodha ya majina, pamoja na namba za simu za jamaa zao, iachwe kwa mtu aliyebaki nyumbani.

Pili, habari ya fedha iwe wazi. Mweka hazina aandike kila kilichochangwa, na watu waonyeshwe hesabu. Ada za hifadhi za KWS hulipwa kwa njia ya eCitizen, wala si kwa noti mkononi, tena ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni. Kwa hiyo kila mtu achukue kitambulisho chake. Kwa kuwa ada hubadilika, kiongozi aulize kiwango cha wakati huo kabla ya kutangaza mchango.

Tatu, kila mtu achukue maji yake ya kunywa, kofia, viatu vilivyozoea mguu, na nguo ya mvua. Chakula kisionyeshwe nyani, maana nyani aliyepewa ndizi leo atamnyang'anya mtoto wa mtu kesho. Takataka zote zirudi mjini zilikotoka.

Nne, makelele yapunguzwe. Makundi mengine hubeba vyombo vya muziki vyenye sauti kubwa, halafu hulalamika kwamba hayakuona mnyama. Mwenye kutaka kucheza ngoma ana kumbi nyingi Nairobi. Aliyekwenda ziwani na asikilize ziwa.

Tano, awepo mwandishi. Yeye aandike tarehe, mahali, aina ya ndege na idadi yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa makumbusho na wa Nature Kenya, pamoja na watu wengi wanaojitolea, wamekuwa wakihesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa, na hesabu hizo ndizo zinazoonyesha ziwa lipi lina afya na lipi linaugua. Kijana wa Kawangware mwenye macho mazuri na daftari aweza kuwa mmoja wao.

WASEMAO KWAMBA NI UPOTEVU WA FEDHA

Wako watu wasemao: "Mtu anayenunua maji kwa mtungi, na kupanga foleni chooni, ana haja gani ya kwenda kutazama ndege?" Hilo si swali la kuchekwa. Fedha ya safari ni fedha ya unga, na kila mzazi ana haki ya kuipima. Wala hapana mtu apaswaye kukopa ili aende matembezini.

Lakini na afikiri jambo hili. Mtoto wa Kibera ambaye hajaona ziwa lolote hudhani bwawa la Nairobi limekuwa hivyo tangu mwanzo, kwamba mahali pa magugu na taka ni mahali pa magugu na taka, nayo ni amri ya Mungu. Mtoto yule yule akisimama kando ya Naivasha, akamwona furukombe akishuka na kuchukua samaki, halafu akirudi na kuambiwa kwamba karibu na nyumba yao nako palikuwa na maji, samaki na mashua, hatauliza tena, "Kwa nini pananuka?" Atauliza, "Ni nani aliyeacha pakawa hivi, na ni nani wa kupasafisha?" Swali la pili ni swali la raia. Watu hawawezi kudai kitu wasichojua kwamba walikuwa nacho.

Jambo la mwisho ni juu ya wenyeji wa maziwa. Kupanda kwa maji kulikowafukuza heroe kumewafukuza watu pia. Mwaka 2020, na tena mwaka 2025, ziwa la Naivasha liliingia katika mtaa wa Kihoto, watu wakahama wakiziacha nyumba zao ndani ya maji, na viboko wakafika karibu na milango. Mtu wa Kawangware, ambaye anajua mafuriko na kuhama, hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Basi akifika huko asipige picha za nyumba zilizozama kana kwamba ni wanyama wa kutazamwa. Na awasalimu watu, anunue samaki wao na mboga zao, aulize habari zao, na azisikilize. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Makundi yatakayotoka Kawangware na Kibera mwezi huu na miezi ijayo, na yaende kwa amani. Yaulize kabla ya kuingia, yasikilize yanapoambiwa, yaandike yanayoyaona. Na jioni, gari litakapowashwa kurudi Nairobi, kiongozi ahesabu watu wake mara mbili.